Kila jioni anataka hadithi ya mama wa kambo

SWALI: Shangazi, mwaka jana niliolewa na mwanaume mwenye binti wa miaka 6. Mama wa mtoto alifariki. Kila jioni ananiomba hadithi ile ile ya mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula na kumtupa porini. Mimi simnyimi kitu. Mawifi wanasema ananipiga mafumbo. Niikatae? – Mama wa Pasua, Moshi

JIBU: Dada yangu, usiikatae. Mtoto anayekuogopa kwa kawaida hakusogelei akakuomba umtishe.

Kwa umri wake ni kazi ngumu kukupenda na kukukasirikia kwa pamoja. Hasira anayo: mama hayupo, na baba sasa ana mtu mwingine. Kwa hiyo mtoto anamchukia yule mwanamke wa hadithini kwa raha zake, halafu anakuja kula nawe. Tena jina hilo baya la ukatili, ninyi mama wa kambo mmebandikwa tu. Katika chapa ya 1812 ya ndugu Grimm, wakusanyaji wa hadithi wa Ujerumani, aliyewatosa watoto wa hadithini, Hansel na Gretel, msituni alikuwa mama yao mzazi. Chapa za baadaye ndizo zilizomgeuza kuwa wa kambo.

Simulia wakati maharage yanachemka, taa zikiwaka, si kitandani. Dakika 10 zinatosha. Anza kwa "Paukwa!" naye aitikie "Pakawa!", ajue kwamba sasa ni hadithi. Usimlainishe yule katili wala usiukate mwisho: mtoto asiposikia mwovu ameshindwa na yule mtoto wa hadithini amefika nyumbani, anabaki na hofu mkononi. Wengi huharibu kwa kuongeza, "Unaona, mimi siko hivyo." Hapo umemdai akutetee, na kesho hataomba tena. Uliza habari za yule mtoto tu: "Kule porini alikuwa anawaza nini?" Akitaka yeye awe mama wa kambo na wewe mtoto, kubali, na ulie kidogo.

Kifo cha mama yake hakitaki hadithi, kinataka maneno ya wazi, na aseme baba: mama alikufa, mwili wake uliacha kufanya kazi, hatarudi, na si kosa lako. Ukisema "amelala", mtoto anaweza kuogopa kulala. Ukisema "amesafiri", atasubiri. Picha yake ibaki ukutani. Kukuita mama asilazimishwe.

Akianza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, akisusa chakula au akikosa usingizi, na hali ikaendelea wiki mbili hivi, mpelekeni hospitali, Mawenzi kwa mfano, au mwoneni ofisa ustawi wa jamii. Akimwogopa mtu fulani waziwazi, msingoje hizo wiki mbili.

Mawifi nao wakome kuyasema hayo mbele ya mtoto. Kuwaambia ni kazi ya kaka yao, si yako.