Mbona ndege ya Los Angeles inapitia kwenye barafu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Shangazi kasafiri toka Dar kupitia Dubai kwenda Los Angeles, anasema kwenye skrini ndege ilipanda mpaka karibu na Ncha ya Kaskazini. Sa si wangenyoosha tu kuelekea magharibi? Au wanazungusha watu? – Msomaji, Tandika

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawajamzungusha hata kidogo, ramani ya ukutani ndo inayotudanganya maana imeichukua dunia ya mviringo ikaitandaza kama mkeka. Nenda Kariakoo kanunue chungwa, weka alama mbili kwa peni halafu vuta uzi ukaze kabisa kati yake, pale uzi unapolala ndo njia fupi, wataalamu wanaiita duara kuu.

Dubai na Los Angeles ziko karibu pande mbili za dunia zinazotazamana, longitudo zimepishana digrii 173 na ushee, kwahiyo uzi unapita juu kabisa kule kwenye barafu. Pembe yake kutoka katikati ya dunia ni kama digrii 120 na nusu, kila digrii ni kilomita 111 hivi, zidisha upate kama 13,400. Ukifuata mstari wa latitudo, yani hiyo ya kunyoosha magharibi, zinavuka 16,000! Hayo ni mafuta mengi sana jamani.

Ila rubani haushiki huo uzi moja kwa moja, kuna upepo na anga zilizofungwa, so kilomita alizoruka shangazi lazima zilizidi kidogo.