Asizuiwe kulia, ila asiachwe acheue

Mmeuliza wiki hii: mtoto aliyeingia ujana akijifungia chumbani kuwaza kila anapoudhika, aachwe au atolewe? Jibu langu: atolewe, lakini inategemea unampeleka kwenye nini.

Ng'ombe akicheua, majani hulainika. Mtoto akicheua mawazo ("kwa nini mimi tu?", "kwa nini nilinyamaza?") hakuna kinacholainika. Mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, na wenzake walilipima jambo hili kwa vijana wa chuo. Kwa dakika 8 tu, wengine walielekezwa kuwazia hisia zao na kwa nini wako walivyo. Wengine wakawazia vitu vya nje, kama mawingu yanavyojikusanya angani. Waliokuja na huzuni wakaambiwa wajiwaze walizama zaidi, na wenzao wa mawingu wakapata nafuu. Wasiokuwa na huzuni, hata walipojiwaza, hawakudhurika. Kwa hiyo kumkalisha mtoto na kumhoji "una nini wewe?" huku machozi hayajakauka ni kumsaidia kucheua.

Kazi ya kumtoa iwe inashika akili. Kuosha vyombo hakufai, maana mikono imeshazoea na kichwa kinabaki huru kuzunguka palepale. Bao linafaa: asipohesabu kete, analiwa. Kuruka kamba kwa kuhesabu nako kunafaa. Simu ndiyo mtego, hasa akiishia kusoma tena ujumbe uleule uliomuumiza.

Akitulia, rudini kwenye jambo lenyewe. Wazazi wengi huishia kwenye bao, na hapo burudani hugeuka kukwepa. Kama aliudhika kwa kufeli hesabu, hesabu hizo bado ziko daftarini. Acha "kwa nini", uliza: ilikuwa saa ngapi, nani alisema nini, kesho utaanza na lipi? Moja tu, dogo.

Na marafiki wa kike wa kupigiana simu hadi usiku wa manane wakirudia kisa kilekile? Amanda Rose, aliyetafiti urafiki wa watoto, aliona mazungumzo ya namna hiyo huwaunganisha wasichana, na papo hapo huwaongezea dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Huzuni au hasira za karibu kila siku zikifika wiki mbili, naye halali vizuri, hali chakula, hataki hata michezo aliyoipenda, mpeleke kituo cha afya. Akitaja kufa, usingoje wiki mbili: mpeleke siku hiyohiyo. Ukiwa na shaka tu, muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.