Tenga la kumi linalorukwa na sharti linalokubali kila samaki

Ndugu yangu, umeeleza kwamba programu yako ya Python (lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo), unayoiandika kwa ajili ya mnada wa samaki hapa Bagamoyo, hujumlisha uzito wa matenga 9 badala ya 10, na kwamba huwapa samaki wote bei ya kibua na dagaa, hata changu. Kosa la kwanza ni dogo: range, inayohesabu matenga, haiifikii namba ya mwisho uliyoiandika, kwa hiyo range(1, 10) huishia 9; andika range(1, 11).

La pili linahitaji utulivu zaidi. Ulipoandika if samaki == "kibua" or "dagaa", ulikusudia kuuliza kama samaki ni mmojawapo wa hao wawili, lakini kompyuta huyasoma maneno hayo kuwa masharti mawili yanayojitegemea, yaliyounganishwa na or (yaani "au"), na la pili ni neno "dagaa" peke yake, ambalo Python hulihesabu kuwa kweli daima, kwa sababu maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli. Andika if samaki in ("kibua", "dagaa"). Kosa hili naliogopa kuliko kitanzi kisichokoma (maagizo yanayojirudia bila mwisho), kwani hicho utakigundua papo hapo, ilhali hili hutoa jibu kimyakimya na mvuvi akalipwa pungufu. Kabla ya kuipeleka mnadani, ijaribu kwanza kwa tenga moja la changu.