Usinunue barakoa kabla hujaziba bomba linalovuja mgongoni

Ndugu yangu, acha kwanza habari ya barakoa. Umeandika kwamba unapulizia nyanya dawa za wadudu, dimethoeti na klorpirifosi, kwamba bomba linavuja hadi suruali inalowa, na kwamba unataka kujua barakoa ipi inafaa, upulizie mara ngapi kwa msimu, na kama dawa hizo hupunguza homoni za kiume. Suruali umeitaja kwa kupita tu, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mimi niliambiwa na muuza pembejeo kwamba sumu huingia kwa pua, akaniuzia barakoa ya bei kubwa, nami kwa misimu kadhaa nikabeba bomba lenye mfuniko uliolegea, mapaja yamelowa chapachapa hadi jioni. Kuhusu ngozi hakutamka neno, ilhali kopo alilonikabidhi lilikuwa na picha za glavu na mabuti, na kunieleza picha hizo ilikuwa kazi yake. Hilo sijamsamehe. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya parathioni, sumu ya jamii moja na hizo zako, iliyopakwa kwenye ngozi za watu waliojitolea: kwenye mkono ilipenya chini ya asilimia 10, lakini kwenye mfuko wa korodani ilipenya karibu yote.

Ndani ya korodani kuna seli za Leydig, ambazo hupokea amri kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kugeuza kolesteroli kuwa testosteroni, yaani homoni ya kiume. Katika seli za aina hiyo za panya zilizokuzwa maabara, dimethoeti ilipunguza protini inayoingiza kolesteroli ndani ya mitokondria, sehemu ndogo za seli ambamo kazi hiyo huanzia, na hatua hiyo ikikwama, homoni haitengenezwi ipasavyo. Kwa binadamu, utafiti wa Marekani wa 2006 ulikuta kwamba wanaume wenye masalia mengi zaidi ya klorpirifosi kwenye mkojo walikuwa na testosteroni ya chini zaidi. Yangu nayo ilikuwa chini ilipopimwa asubuhi mbili tofauti, wakati mimi na mke wangu tukitafuta mtoto. Daktari alisema kipimo hakionyeshi chanzo, lakini akaniamuru nisilowe tena.

Kwa hiyo jaza maji matupu, libebe bomba, lipampu na utembee nalo mstari mzima wa nyanya. Ukikuta unyevu kwenye shati au suruali, siku hiyo usipulizie. Badilisha mpira wa mfuniko, kisha ujaribu tena kwa maji. Dawa ikikumwagikia, vua nguo pale pale shambani, ujioshe kwa sabuni na maji mengi, na nguo hizo zisifuliwe pamoja na za watoto.