Maua ya karatasi chakavu kulegea: angalia karatasi kabla ya gundi

Dada, umesema unaokota karatasi chakavu kwenye steshenari ya jirani hapo Kirumba, unatengeneza waridi na alizeti, ila yakikaa sebuleni siku chache yanalegea na rangi inapauka. Wadau wengi wamekushauri ubadilishe gundi. Mimi natengeneza mapambo ya send-off na kipaimara hapa hapa Mwanza, na kwa maelezo yako sidhani kama gundi ndiyo tatizo. Shida ni karatasi, na hasa unavyoikata.

Karatasi ni nyuzi za mti, na nyingi zimelala kuelekea upande mmoja. Chukua gazeti ulichane pande zote mbili: upande mmoja linachanika likinyooka, upande wa pili linakwenda kombo. Linakonyooka ndiko nyuzi zilikolala. Kwa karatasi ya fotokopi, kata kipande cha mraba, kipake maji upande mmoja tu. Kitajikunja kama mrija, na mrija huo umelala sambamba na nyuzi.

Petali ya alizeti ikate nyuzi zikitoka kwenye shina lake kwenda kwenye ncha; hapo inasimama yenyewe. Ukikata petali nyuzi zikiwa zimepita kwa upana, unyevu wa ziwa ukiingia usiku, asubuhi unakuta zimeinama zote. Waridi ni kinyume. Mdomo wa petali unatakiwa ujikunje nje, kwa hiyo nyuzi zipite kwa upana, ndipo uviringishe ncha kwa kalamu. Ukishazoea hutapima tena, vidole vinahisi vyenyewe.

Kuhusu aina, gazeti lina lignini nyingi, yaani ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, ndiyo maana likipigwa na mwanga linageuka njano. Usilitumie kwa petali za rangi nyepesi. Lifanye vitovu na majani yenye rangi nzito. Kurasa za majarida zinazong'aa zimepakwa udongo mweupe, ukizikunja zinapasuka mstari. Risiti za EFD, zile za mashine za kodi dukani, tupa kabisa: zina dawa inayogeuka nyeusi zikipata joto, na sipendi zishikwe na watoto wanaotusaidia kazi.

Ninayoipenda kuliko zote ni karatasi ya mfuko wa saruji, ile ya khaki, siyo mifuko ya nailoni iliyosukwa. Nyuzi zake ni ndefu, haichaniki ovyo. Omba mifuko kwa mafundi ujenzi, funga kitambaa puani, ikung'ute nje, kisha tumia tabaka za ndani ambazo ni safi zaidi. Kuna kipimo kizuri cha usafi: koroga manjano ya jikoni kwenye maji, dondosha tone kwenye karatasi. Likibaki njano, endelea. Likigeuka jekundu linaloelekea kahawia, saruji bado ipo, na itakuharibia rangi zote.

Hapo hapo nijibu suala la kupauka. Manjano na rosela zinapendeza sana siku ya kwanza, lakini jua linazila haraka. Kwa ua la kukaa dirishani chukua rangi ya ukili, ile ya wasuka mikeka. Ulizia mtaa wa Makoroboi au sokoni. Chemsha, chovya karatasi nzima kabla ya kukata, anika kivulini.

Gundi ya uji wa muhogo inatosha: vijiko 2 vya unga kwa kikombe cha maji, pika hadi ung'ae, tia siki kidogo usichache mapema. Paka nyembamba sana. Masika, Machi hadi Mei, mimi nachovya na petali kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Rangi itakolea kidogo, lakini unyevu hauingii kirahisi.

Ukipata muda jaribu bogenvilia badala ya waridi. Ua lake lina vijani vitatu tu vya rangi, vyembamba kama karatasi ya daftari, na katikati vijiua vyeupe vidogo. Inakula vipande vidogo vidogo unavyovitupa sasa, na tawi moja lenye maua mengi linajaza meza ya maharusi bila gharama. Kwa kikonyo tumia waya wa kufungia nondo, uuzungushie khaki.

Weka picha ya alizeti ulizokata upya tuzione.