Faili limo, kifaa hakipo

Msomaji anayefasiri mwongozo wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ananiuliza kama sentensi hii ni sahihi: “Uwepo wa faili la divaisi kwenye saraka ya /dev haumaanishi uwepo wa divaisi.”

Divaisi tulimalize haraka. Tuna kifaa, kimetoka kwenye kitenzi kufaa, na kila fundi simu analijua. Andika faili la kifaa, yaani faili ambalo programu hulipitia kuzungumza na kifaa.

Kinachoniudhi ni huo uwepo. Juma lililopita nilihariri ukurasa mmoja tu wa mwanafunzi nikakutana nao mara tisa: kutokana na uwepo wa mvua, kwa sababu ya uwepo wa foleni. Kwani mvua ikinyesha haitoshi? Kuwepo badala ya kuwapo nimeshachoka kupigana nako, hata walimu wanakisema, nimesamehe. Uwepo sisamehe, maana unazika viambishi vya mahali -po, -ko na -mo kaburi moja, na mada yako wewe inavihitaji vyote vitatu.

Zamani mafaili haya yaliundwa mapema, kwa amri ya mknod, kwa ajili ya kila kifaa ambacho huenda siku moja kingechomekwa. Red Hat 9, toleo mojawapo la Linux, ilikuwa na zaidi ya 18,000 ndani ya /dev. Ukifungua moja lisilo na mwenyewe, kompyuta inakujibu kwamba kifaa hicho hakuna. Faili limo, kifaa hakipo: maneno manne, na kila kitu kimesemwa. Mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa waandishi wa Linux, akaja na udev, programu inayoyaunda na kuyaondoa mafaili hayo kadiri vifaa vinavyokuja na kuondoka. Chomeka flashi, /dev/sdb linazaliwa, ichomoe, linaondoka. Hivyo ndivyo inavyopasa, saraka iseme kweli: kifaa kipo, faili limo, kifaa hakipo, faili halimo.

Sasa andika amri ls -l /dev/null, ikuonyeshe maelezo ya faili hilo. Mstari unaanza na herufi c, na pale ambapo faili la kawaida huonyesha ukubwa, pana namba mbili, 1 na 3. Ya kwanza inakiambia kiini cha mfumo kiite kiendeshi kipi, yaani programu ipi ya kuongoza vifaa, ya pili ni kifaa kipi cha kiendeshi hicho. Ndani hamna kitu. Na kifaa chenyewe kiko wapi? Hakiko kokote, ni kiini kinachopokea unachomwaga na kukitupa. Jaribu kuyasema hayo kwa uwepo.

Sentensi yako iwe hivi: “Faili kuwamo kwenye /dev hakuonyeshi kwamba kifaa kipo.”