Vyuma Vikikaza, Tubane au Tutumie? Majibu ya Maswali Yenu

Barua za wiki hizi zina kilio kimoja: mzunguko wa pesa umepungua, na kila mmoja anataka kujua kama mwenye akili timamu anapaswa kubana au kutumia. Nimechagua chache. Walioniuliza kwa mara nyingine namna ya kufungua akaunti, naomba waende kwenye tawi lililo karibu nao wakiwa na kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa safu hii haiwezi kugeuzwa kaunta.

Mimi ni karani katika ofisi moja eneo la Posta, Dar es Salaam. Nimesikia kwamba uchumi ukidorora wananchi wanatakiwa watumie pesa ili biashara zisife. Mimi nabana kila senti. Je, nawakosea wenzangu?

Hoja uliyoisikia ni ya kweli, tena ni ya zamani. Mwaka 1931, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa, mwanauchumi John Maynard Keynes aliwaambia akina mama wa Uingereza kupitia redio ya BBC kwamba kila wanapoweka akiba shilingi tano wanamkosesha mtu kazi kwa siku nzima, akawahimiza waende madukani wakanunue. Matumizi ya mmoja ndiyo mapato ya mwingine. Kwa hiyo tukifunga pochi wote kwa wakati mmoja, wote tunapungukiwa, na mwishowe hata hiyo akiba tuliyoikusudia haionekani.

Mama lishe ninayekula kwake karibu na Gerezani alikuwa akipika kilo nane za mchele kila siku. Juzi nilimkuta akipima kilo tano, na binti aliyekuwa akimsaidia kuosha sahani hayupo tena. Nilipouliza kulikoni, alielekeza mwiko kwenye jengo la jirani akasema, "Wale siku hizi wanakuja na hotipoti." Somo lote la Keynes liko kwenye mwiko ule: wafanyakazi wa ghorofa tatu wameokoa nauli ya wiki, na binti mmoja amerudi kwao Mkuranga.

Hata hivyo, usikubali kubeba uchumi wa Taifa kwa mshahara wa karani. Ukipoteza kazi, una fao la NSSF la kukosa ajira, ambalo ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita, tena ikiwa michango yako iliwasilishwa. Baada ya hapo una ndugu zako, na hao nao vyuma vimewakazia. Kwa hiyo weka kwanza akiba ya miezi mitatu ya chakula, kodi ya nyumba na ada za watoto, bila kumwonea mtu haya. Ukishaifikisha, acha kubana kwa mazoea. Ninaowalaumu mimi ni wale wenye mshahara usioyumba na akiba ya kutosha wanaobana kwa sababu tu wamesikia wenzao wanabana. Na mtakapotumia, angalieni pesa inakwenda wapi: sahani ya wali inamlipa mkulima wa Kyela, dereva wa fuso, muuza mkaa na mwosha sahani, ilhali runinga mpya ya inchi 65 inamwachia mwenye duka faida yake na sehemu kubwa ya pesa inavuka bahari.

Nina akiba ya laki sita ndani, na nadaiwa laki nne za kausha damu kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Nitunze akiba kwa sababu hali ni mbaya, au nilipe? (Mbagala)

Lipa leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Riba hiyo ni shilingi 120,000 kila mwezi, na hakuna benki, kikoba wala mfuko utakaozipa laki nne zako faida ya namna hiyo. Akiba ya mtu mwenye deni kama lako ni ya mkopeshaji; wewe unamtunzia tu. Na kwa kuwa najua wengi mnaolipa kausha damu mnakimbilia mikopo ya simu, nawakumbusha kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Anayekuomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako kabla hajakupa elfu hamsini ameshakwambia atakavyokudai.

Wapi niweke laki mbili izae mara mbili ndani ya mwezi mmoja?

Hakuna. Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi cha kuchoka, na waliopanda mbegu zao DECI, ule upatu ulioahidi kuzizidisha pesa, kabla Serikali haijaingilia kati mwaka 2009 wangeweza kukujibu vizuri kuliko mimi.

Tumepanga harusi yetu Desemba. Mchumba wangu anasema tuahirishe kwa sababu ya hali. Mimi naona harusi ni matumizi yanayozungusha pesa mtaani. Nani yuko sahihi? (Sinza)

Wote wawili, kwa bahati mbaya. Ni kweli kwamba harusi inamlipa mpishi, fundi cherehani, mpiga picha, mpambaji na vijana wa kupanga viti, na wengi wao wanaishi hapa hapa mjini. Lakini jiulize pesa hiyo inatoka wapi. Haitoki kwenye akiba yenu, inatoka kwenye kadi za michango mnazowasambazia watu ambao asubuhi walikuja kazini na hotipoti. Mchango wa laki moja unaotolewa kwa aibu haujaongeza chochote kwenye mzunguko, umeuhamisha tu kutoka kwa mama lishe kwenda kwa mwenye ukumbi.

Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati moja ambayo bajeti yake ilisomwa kwa mbwembwe, ahadi zikaandikwa daftari zima, na wiki ya mwisho zikawa zimeingia nusu. Hakuna aliyethubutu kupunguza keki. Baba wa bwana harusi alikopa ili ukumbi ufunguliwe, na nilipokutana naye mwaka uliofuata alikuwa bado analipa, wakati maharusi wanatafuta chumba cha bei nafuu zaidi. Fungeni ndoa mwezi huo huo wa Desemba, pikeni pilau nyumbani kwa wageni mnaoweza kuwalisha kwa mfuko wenu, na mlipeni mpishi taslimu siku ile ile. Kuahirisha ndoa kwa sababu ya ukumbi sikubaliani nako.

Mjomba wangu ananishauri nibadilishe akiba yangu yote iwe dola. (Tabata)

Mjomba wako nadhani ni wa umri wangu, na hofu yake ina sababu. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 20. Mwaka ulipokwisha ilikuwa imepita 50, na aliyekuwa ameficha shilingi chini ya godoro aliamka maskini. Ila mwaka 2024 umetufundisha upande wa pili: dola ilipanda hadi kukaribia au kupita shilingi 2,700, watu wakaikimbilia, na kufikia Desemba ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Aliyenunua kileleni ili ajikinge na hasara alikuwa ameinunua hasara yenyewe. Isitoshe, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni. Kodi, ada na mchele wako ni wa shilingi, basi akiba ya dharura nayo iwe ya shilingi. Ya ziada, ambayo huihitaji kwa miaka, ipeleke kwenye hatifungani za Serikali, yaani uikopeshe Serikali, zinazoanzia shilingi milioni moja na kulipa riba mara mbili kwa mwaka. Lakini ukiambiwa ni ya miaka 25, elewa kwamba ni miaka 25, na ukitaka kuiuza kabla utapewa bei ya soko.

Naogopa benki. Januari 2018 tuliona zikifungwa. Si bora nikae na pesa yangu ndani? (Kimara)

Zilifungwa tano, ndogo. Bodi ya Bima ya Amana ilikuwapo wakati ule na fidia yake ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000 kwa mteja. Tangu 2023 kikomo ni 7,500,000. Ukiwa na zaidi ya hapo, gawanya katika benki mbili. Mchwa na wezi wa Kimara hawana bima.

Ninyi mnaowaambia watu wabane mnatuua. Nina duka Kariakoo, siku nzima nauza vitenge viwili. Mnataka tufunge? (Kariakoo)

Sitaki mfunge, na malalamiko yako nayapokea, ila anwani umekosea. Mteja asiye na pesa hawezi kushawishiwa na safu ya gazeti. Mwenye uwezo wa kutumia wakati wote tunaogopa ni Serikali, na si jambo geni: katika mtikisiko wa 2009 ilitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa takriban shilingi trilioni 1.7, uliowagusa hata wanunuzi wa pamba walioporomokewa na bei. Kwa maoni yangu leo haihitajiki hata mpango mpya. Walipwe wazabuni na makandarasi waliokwisha kufanya kazi, maana hao nao wanadaiwa mishahara na vibarua, na vibarua ndio wanunuzi wa vitenge vyako.

Tena hili halihusu Serikali peke yake. Tunaobana kwa kuchelewesha kumlipa fundi, dada wa kazi na Mangi mwenye daftari la madeni tusijiite wenye nidhamu ya fedha. Tumekopa kwa mtu maskini kuliko sisi, bila riba na bila kumwomba.

Kununua gunia zima la mchele wakati wa mavuno ni kutumia au kubana? (Temeke)

Ni swali zuri kuliko yote ya wiki hii. Pesa inatoka leo, kwa hiyo mkulima na mbeba mizigo wameshalipwa; na kwa kuwa bei huwa nafuu baada ya mavuno na kupanda mavuno yanayofuata yakikaribia, umejiwekea akiba ambayo huwezi kuitoa kwa simu usiku wa manane. Kama kilo 100 ni nyingi, mgawane na jirani. Liweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na unapolinunua Tandale au Tandika usikubali kuambiwa uzito kwa mdomo. Subiri lipandishwe kwenye mizani, na uisome mwenyewe kabla kuli hajalibeba.